Nilivyowatafutia Waitaliano wa Sydney Babu Zao

Kiitaliano changu nilikiokota ufukweni. Watu wa Malindi hawatashangaa. Kwetu mtoto anajua kuhesabu kwa Kiitaliano kabla hajaiona Nairobi. Nilianza kwa kuuza vinyago Silversands, baadaye nikawa nawapeleka wageni Watamu kutazama matumbawe, na Agosti ikifika, mji umewajaa wao, nilikuwa nikilala naota kwa lugha yao. Mama akisema, "Hiyo ciao yako, mwanangu, ndiyo inayotununulia unga." Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba ciao ile ile ingenifikisha kwenye timu ya raga Sydney, kazi yangu ikiwa kuwasaidia Waitaliano kuthibitisha kwamba ni Waitaliano.

Nilihamia Australia mwaka 2015, nikimfuata mke wangu aliyepata kazi ya uuguzi. Mimi nikaangukia kwenye tanuri la mikate la familia moja ya Kiitaliano mtaa wa Five Dock. Kazi inaanza saa nane usiku. Siku ya kwanza nikamwamkia mzee mwenye tanuri kwa Kiitaliano changu safi, kile nilichofundishwa na wageni wa Milano na Roma. Akaweka chini beseni la unga, akamwita mkewe kutoka nyuma: "Njoo umsikie huyu, anaongea kama mtangazaji wa redio!" Halafu akanijibu kwa lahaja ya kwao, Calabria, kusini mwa Italia. Sikuambulia hata neno.

Hilo lilinichukua muda kulielewa. Wazee wale waliondoka Italia miaka ya 1950, na lugha waliyoondoka nayo ilikuwa ya kijijini, si ya shuleni. Italia ikaendelea kubadilika, wao wakabaki na ile ile, na walipokutana na vitu ambavyo kijijini havikuwapo wakavichomeka Kiingereza. Gari wanaliita carro, ua ni fenza, shamba ni farma. Mtalii wa Milano angecheka. Mimi sikucheka, maana kwetu pia tunasema fensi. Watoto wao wanaielewa lahaja lakini wanajibu kwa Kiingereza. Wajukuu wanajua matusi, majina ya vyakula, na basi.

Wajukuu hao ndio wanaocheza raga.

Hapa lazima nieleze, maana Mkenya akisikia raga anawaza Shujaa, timu yetu ya taifa ya wachezaji saba, na mashindano ya Safari Sevens. Huu ni mchezo mwingine, unaitwa rugby league: wachezaji 13 kila upande. Ulizaliwa Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1895, pale klabu za miji ya viwanda na migodi zilipojitenga. Wachezaji wao walikuwa vibarua. Ukicheza Jumamosi unakosa ujira wa siku, na klabu zilitaka kuwafidia. Mabwana waliokuwa wakiendesha raga walikataa katakata. Basi wakagawana mchezo. Wa 13 ulipofika Sydney na Queensland ukawa mpira wa watu wa kawaida, na watoto wa Waitaliano waliokata miwa huko Ingham na Innisfail waliukuta shuleni ukiwasubiri. Sheria yake inaeleweka upesi: unakabwa, unaangushwa, unainuka, unausukuma mpira nyuma kwa mguu, mwenzako anaudaka, mnasonga. Mara sita. Ya sita ikiisha hamjafunga, mpira ni wa wenzenu. Trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wenzenu, ni pointi nne, mkwaju wa nyongeza mbili.

Mtoto wa pili wa mzee wangu, kinyozi kwa kazi, alikuwa akikusanya timu ya vijana wenye asili ya Italia kwa mashindano ya jamii za wahamiaji. Wapo Walebanoni, wapo Wamalta, wapo Wagiriki, na kila mmoja kazaliwa hospitali za Sydney. Siku moja alikuja dukani kanuna, mpeleka maji wake kaugua. Akaniuliza kama naweza kukimbia. Nikamwambia nimekulia mchangani. Tangu siku hiyo jina langu likawa "Kenya", nikavalishwa fulana ya rangi kali, nikawa naingia uwanjani na chupa wakati mchezo unaendelea, maana kwenye raga hii mpeleka maji ndiye pia mpeleka maneno ya kocha. Unamwagia mtu maji kinywani na papo hapo unamwambia, "Kocha anasema upande wa kushoto wamechoka." Nilipenda kazi ile kuliko nilivyotarajia. Kwa karibu raga ina sauti ambayo televisheni haiitoi: bega likigonga mbavu linasikika kama gunia la mahindi likitupwa sakafuni.

Mambo ya karatasi yalianza kwa bahati. Kinyozi alikuwa kwenye gari anasoma barua ya baruapepe kutoka manispaa moja ya Sicilia, anaipindua simu huku na huku kama vile maana ingeanguka. Nikamsomea. Akanitazama, akazima gari.

Ubishi wote wa timu hizi uko kwenye asili. Sheria ya kimataifa ya mchezo huu inasema mzazi, au hata babu au bibi mmoja tu, akiwa amezaliwa nchi fulani, unaweza kuichezea nchi hiyo. Ndiyo maana timu ya taifa ya Italia imejaa watu wa Sydney na Queensland. Oktoba 2011 ilitoka sare ya 19–19 na Lebanon mjini Belgrade, ikapata tiketi yake ya kwanza ya Kombe la Dunia. Hebu waza: Italia na Lebanon, mechi iko Serbia, na wachezaji wengi wa pande zote mbili wangeweza kurudi nyumbani kwa ndege moja. Mwaka 2013, chini ya nahodha Anthony Minichiello, mzaliwa wa Sydney, waliifunga Uingereza 15–14 kwenye mechi ya kujipima nguvu, wiki iliyofuata wakaipiga Wales 32–16 mjini Cardiff, na baadaye wakatoka 30–30 na Scotland. Kwenye tanuri letu kuna picha ya gazeti la siku zile, imefifia kwa joto na unga, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa.

Mashindano ya mtaani hayakagui sana. Lakini kijana akitaka jina lake lifike kwa wanaochagua timu ya taifa, hadithi za bibi hazitoshi. Inatakiwa hati ya kuzaliwa ya bibi mwenyewe, kutoka manispaa alikozaliwa. Manispaa hizo nyingi ni vijiji vya mlimani, na barua zinasomwa na karani mmoja anayefungua siku chache kwa wiki. Kwa hiyo jioni, nikiamka kabla ya kwenda kazini, nikawa naandika barua.

Nilijifunza kwa kuumia. Kwanza, usiandikie ofisi ya wakazi. Hati za kuzaliwa ziko ofisi ya hali za kiraia, na ukikosea dirisha barua yako inalala. Pili, jina ulilonalo Sydney si lazima liwe jina lililoko kule. Wazee walifika bandarini, karani akasikia anavyosikia, akaandika anavyoandika. Nilikuwa na kijana mmoja ambaye jina la ukoo wake lilikuwa limepoteza irabu mbili na kupata herufi "k", ambayo Kiitaliano hakiitumii kabisa ila kwa maneno ya kigeni. Tuliipata familia yake kwa kupitia Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Australia, ambako majalada ya wahamiaji yametunzwa na jina la meli waliyopanda limeandikwa. Tatu, andika kwa adabu. Karani wa Italia ni kama karani wa kwetu, ukianza na "Mheshimiwa" na kumalizia na shukrani za dhati, jalada linapata miguu.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba jezi ni rahisi kuliko pasipoti. Kijana anaweza kuichezea Italia bila kuwa raia wake. Wengine niliowasaidia walidhani tukishaipata hati ya nonno, yaani babu, na pasipoti itafuata nyuma kama ndama. Haikuwa hivyo. Kabla ya Agosti 1992, Mwitaliano aliyechukua uraia wa Australia aliupoteza wa Italia, na wazee wengi walikwishaapa kuwa Waaustralia miaka ya sitini, kabla ya watoto wao kuzaliwa. Mnyororo ulikatikia hapo. Na mwaka 2025 Italia ikabana zaidi, uraia wa asili ukaishia kwa wazazi na mababu, vitukuu wakabaki nje. Nimemwona baba mtu mzima, fundi bomba, analia jikoni kwa jambo hilo, huku mwanawe kavaa jezi ya buluu ya Italia anakula tambi. Karatasi ile ile ilimkubali mmoja na kumkataa mwingine.

Mimi nilikuwa naitazama hali hii kwa jicho la pwani. Nina jamaa Muscat, wa upande wa bibi yangu. Damu yao ni ya Oman, na Oman ndiko walikorudi baada ya mwaka 1964, lakini nyumbani wanagombana kwa Kiswahili cha Unguja, na wakifiwa wanalia kwa Kiswahili. Kwa hiyo sikuwacheka vijana waliokuwa wakiimba wimbo wa taifa wa Italia kwa kuukariri kama kasuku.

Wimbo huo niliwafundisha mimi. Tulikaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kinanuka mafuta ya kuchulia misuli na soksi za juzi, wanaume kumi na saba wenye shingo kama za mafahali, na mimi Mmalindi nimesimama juu ya kasha la barafu nawatamkia. Wengine walikuwa wameandika maneno kwenye mkono kwa kalamu ya wino. Herufi mbili zikifuatana wanazimeza. Niliwaambia wazikalie, kama vile unavyoikalia "dd" ya shadda madrasa. Hawakuelewa madrasa ni nini lakini walielewa kukalia. Mlinzi wetu wa nyuma, kijana mkimya, akaniuliza, "Kenya, wewe unaionaje? Unaujua wimbo wetu kuliko sisi." Nikamwambia nilijifunza mwaka 2006, walipochukua Kombe la Dunia la soka, maana Malindi usiku ule hapakulalika. Wakacheka. Lakini nilimwona hakucheka.

Sasa niseme kosa langu.

Kulikuwa na propu wetu, yaani mchezaji wa mstari wa mbele, miaka 22, dereva wa gari la zege. Hodari, na kinyozi alikuwa amehakikishiwa kwamba kijana akileta hati kabla ya orodha kufungwa atapewa mechi ya majaribio. Bibi yake, nonna, alizaliwa Calabria. Nilimpigia simu: Mama, kijiji gani? "San Giorgio." San Giorgio ipi? "San Giorgio ni San Giorgio!" Nikaona aibu kumsumbua mzee. Nikatafuta, nikapata San Giorgio Albanese, Calabria hiyo hiyo, nikaandika barua nzuri yenye "Mheshimiwa" na shukrani za dhati. Baada ya wiki tano jibu likaja, la adabu kuliko barua yangu: hapa hatuna mtu huyo, huenda mnamaanisha San Giorgio Morgeto, mkoa wa Reggio.

Orodha ilikuwa imefungwa siku nne kabla.

Nilikwenda kumwambia mwenyewe, mazoezini. Alikuwa anajifunga bandeji vidoleni. Akasema, "Hamna neno, Kenya," akaendelea kufunga. Lakini mwezi mzima uliofuata, nilipokuwa nikiingia uwanjani na maji, alikuwa akimwita mpeleka maji mwenzangu. Ningekuwa nimesimama mbele yake na chupa, yeye anavuka ananipita. Hakuna aliyelitaja jambo hilo. Kinyozi alijua, mimi nilijua.

Kwa hiyo sasa, kabla sijaandika chochote, nauliza: mkoa upi? Mtakatifu wa kijiji ni nani, na sikukuu yake mwezi gani? Ukisimama mlangoni unaona bahari au huioni? Mzee hatajua jina la mkoa ulivyo leo, lakini bahari haisahau.

Kuna lawama moja ambayo siikwepi. Watu huziita timu hizi "timu za bibi". Wanasema vijana wa Sydney wanachukua jezi za wale wanaocheza mchezo huu kule Italia kwenyewe, ambao ni wachache, hawana fedha wala uwanja wa maana. Naona wana haki. Nimewaambia vijana wetu hivyo, na baadhi walikasirika. Mcheza raga wa Padova aliyejifunza mchezo peke yake hana bibi wa kumsaidia kuingia timu ya Australia, ila yeye ndiye anayeachwa benchi basi likija na watu wa Sydney. Upande wa pili, bila hao wa Sydney sidhani Italia ingeliona Kombe la Dunia hata mara moja. Na mataifa makubwa nayo huwachukua wachezaji wa Italia: James Tedesco aliichezea Italia mwaka 2013 na 2017, kisha 2022 akawa nahodha wa Australia iliyobeba kombe. Mwaka huo huo Australia iliifunga Italia 66–6. Tuliitazama kwenye simu ya mzee, alfajiri, imeegemezwa kwenye gunia la unga. Ilipofika arobaini mzee akaigeuza simu kifudifudi, akasema mikate inaungua. Haikuwa inaungua.

Nirudi kwa propu. Niliandika upya, San Giorgio Morgeto safari hii, bila kumwambia mtu. Hati ilipofika nikaichapisha, nikampelekea nonna mwenyewe Jumapili mchana. Anakaa Haberfield, nyumba ya matofali mekundu, mbele ana mtini na nyuma ana nyanya. Mjukuu alikuwapo, kakaa sebuleni na barafu gotini. Akanisalimia kwa kichwa.

Nonna akanikalisha jikoni, akashusha kutoka juu ya kabati kopo la biskuti la bati, la buluu, lile lile aliloweka mama yangu nyuzi na sindano kule Malindi. Nilitaka kucheka. Lake pia lilikuwa na nyuzi juu, na chini ya nyuzi karatasi: tiketi ya meli Neptunia, picha ya mwanamume kashika panga katikati ya miwa, na kadi ya chanjo. Akavaa miwani, akaichukua hati niliyoileta, akaisoma polepole kwa kidole.

Pembeni pa hati za Italia makarani huandika mambo yaliyokupata baadaye. Pembeni pa yake palikuwa pameandikwa ndoa ya mwaka 1956. Akaniambia siku ile bwana harusi hakuwapo kanisani. Alikuwa Queensland akikata miwa, na aliyesimama mahali pake ni shemeji yake, kwa idhini ya maandishi. Mume alimwona kwa macho miezi kadhaa baadaye, bandarini, akiwa na picha mkononi ili asije akachukua mtu mwingine. Njiani meli ilitia nanga Aden. "Watu wa rangi yako walikuja na mashua kutuuzia vitambaa," akasema, "nikanunua kimoja. Nilikuwa natapika tangu Port Said."

Mjukuu alikuwa ameacha barafu yake, kasimama mlangoni. Nadhani hakuwahi kuisikia habari ya shemeji.

Halafu kidole cha nonna kikarudi juu ya hati, kwenye tarehe ya kuzaliwa. "Hii ya uongo," akasema.

Nikashtuka, nikidhani nimekosea tena.

"Imeandikwa tarehe kumi na nne. Mimi nilizaliwa tarehe tisa. Ilikuwa Novemba, mizeituni imeiva, mvua inakuja. Baba angeachaje mizeituni ateremke kwa karani kwa ajili ya mtoto wa kike?"

Propu akaniletea glasi ya maji. Akaiweka mezani mbele yangu, akavuta kiti.

Nikatoa pochi, nikamwonyesha nonna kitambulisho changu cha Kenya: tarehe mosi Januari. Nikamwambia nyumbani kwetu nusu ya mtaa tumezaliwa siku hiyo. Akakisogeza karibu na miwani, akakitazama sana, akanirudishia.

"Na baba yako alikuwa anavuna nini?"

Nikamwambia hakuwa anavuna. Alikuwa baharini, kaskazi imeshaanza kuvuma, na aliporudi tayari nilikuwa na jina.